Kocha Amefungiwa, Timu Je? Namna Mechi Zisizo na Kocha Zinavyopimwa Katika Mpira wa Kikapu wa Vyuo Marekani

Watanzania wengi walilijua jina la Connecticut kwa sababu ya kijana mmoja mrefu wa Dar es Salaam. Hasheem Thabeet alicheza misimu 3 katika chuo hicho chini ya kocha Jim Calhoun, wakafika nne bora ya mwaka 2009, na miezi michache baadaye akawa mchezaji wa pili kuchaguliwa katika zoezi la NBA la kugawana vijana wapya. Alipoondoka, wengi wetu tukaondoka naye. Waliobaki wakifuatilia timu ile walikutana na kioja. Februari 2011, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kilimfungia Calhoun mechi 3 kwa makosa ya usajili, kesi ambayo haikumhusu Thabeet. Aprili ya mwaka huohuo, Calhoun alikuwa katikati ya uwanja akishangilia ubingwa wa taifa.

Hakuna aliyekaidi adhabu. Ilikuwa imepangwa kutumikiwa msimu uliofuata, katika mechi 3 za kwanza za ligi ya Big East. Machi 2011 kocha alikuwa huru, na timu yake ikacheza kama kawaida.

Kisa hicho kinatuingiza kwenye swali linalorudi karibu kila mwaka ifikapo Machi, miongoni mwa Waswahili walioko Marekani, wazazi wenye vijana katika vyuo vya huko na mashabiki wanaokesha wakitazama: kocha akifungiwa, nafasi ya timu kuingia kwenye mashindano makubwa inakuwaje? Je, vipigo vilivyopatikana kocha akiwa hayupo vinasamehewa? Je, timu inaadhibiwa pamoja naye?

Jibu fupi ni hili: kufungiwa kwa kocha hakufuti kipigo, hukifafanua tu. Kipigo kinabaki kitabuni. Kinachoweza kubadilika ni namna binadamu wanaochagua timu wanavyokisoma.

Tiketi zinavyopatikana

Sisi tumezoea ligi ya mpira wa miguu. Msimu ukiisha, msimamo umeshasema kila kitu. Kocha awe jukwaani kwa adhabu, awe kitandani anaumwa, awe ametimuliwa usiku wa kuamkia mechi, pointi ni pointi. Msimamo wa ligi hauna macho.

Mpira wa kikapu wa vyuo Marekani hauendi hivyo. Vyuo vya daraja la kwanza ni zaidi ya 350, vimegawanyika katika miungano inayoitwa konferensi, na kila konferensi ina ligi yake. Vyuo hivyo havikutani vyote katika msimu mmoja, kwa hiyo hakuna msimamo mmoja wa taifa. Mashindano ya Machi kwa wanaume yamekuwa na timu 68 tangu mwaka 2011, na milango ya kuingilia ni miwili.

Mlango wa kwanza ni tiketi ya moja kwa moja, anayopewa bingwa wa kila konferensi. Kwa mashindano ya 2025 tiketi hizo zilikuwa 31. Mlango wa pili ni uteuzi. Nafasi 37 zilizobaki mwaka huo zilijazwa na Kamati ya Uteuzi, watu 12 ambao ni wakurugenzi wa michezo wa vyuo na wakuu wa konferensi. Hukutana, hubishana, hupiga kura, na chuo cha mjumbe kinapojadiliwa mjumbe huyo hutoka nje ya chumba. Majina husomwa Jumapili ya katikati ya Machi, maarufu kama Jumapili ya Uteuzi. Siku hiyo pia kila timu hupewa namba ya upangaji, kuanzia 1 hadi 16 katika kila kanda kati ya 4. Namba 1 hukutana na namba 16 katika kanda yake, kwa hiyo namba ndogo ni neema.

Pesa nazo zimo. Kila mechi ambayo timu inacheza katika mashindano hayo, ukiacha fainali, huiingizia konferensi yake fungu la takriban dola milioni 2 linalolipwa kidogo kidogo kwa miaka 6. Ndiyo maana nafasi moja ya mwisho hubishaniwa kama shamba la urithi.

Suala la kocha aliyefungiwa lina uzito katika mlango wa pili peke yake, pale kwenye uteuzi. Katika mlango wa kwanza ushindi wa uwanjani unatosha, na hakuna anayeuliza nani alikuwa benchi.

Nani anamfungia kocha, na anamfungia nini

Habari ikitangazwa kwamba kocha fulani amefungiwa, jambo la kwanza la kuuliza ni nani aliyemfungia. Mamlaka ni tatu, na kila moja ina namna yake.

Ya kwanza ni NCAA yenyewe, kupitia kamati yake ya makosa. Tangu kanuni zilipokazwa katika miaka ya 2012 na 2013, kocha mkuu anaweza kufungiwa hadi msimu mzima kwa makosa yaliyofanywa na wasaidizi wake. Januari 2023 uzi ukakazwa zaidi: kocha mkuu sasa anahesabiwa kuwa mhusika wa makosa ya benchi lake moja kwa moja, na kusema hakujua hakumwokoi. Wakati huohuo katiba mpya ya NCAA inataka adhabu zisiwaumize wanafunzi wasiohusika, kadiri inavyowezekana. Yaunganishe mambo hayo mawili utaona mwelekeo: rungu linahamishwa kutoka kwa timu kwenda kwa kocha.

Ya pili ni konferensi. Msimu wa 2010 hadi 2011, mkuu wa konferensi ya SEC alimfungia Bruce Pearl wa Tennessee mechi 8 za kwanza za ligi hiyo. Angalia maneno “za ligi hiyo.” Mechi zilizokuwa nje ya SEC hazikuguswa, kwa hiyo Pearl alikosekana wiki hii na kuonekana benchi wiki nyingine, ikiwemo mechi dhidi ya Connecticut ya Calhoun mwezi Januari. Tennessee ilifika Machi ikiwa na ushindi 19 na vipigo 14, ikateuliwa kwa namba 9, ikachapwa na Michigan pointi 75 kwa 45. Siku chache baadaye kibarua cha Pearl kikaota nyasi.

Ya tatu ni chuo chenyewe. Chuo kikiona uchunguzi unakaribia mwisho, huweza kujiadhibu mapema kwa matumaini kwamba NCAA itaridhika. Kansas ilifanya hivyo Novemba 2022. Ilimfungia kocha wake Bill Self mechi 4 za kwanza za msimu, pamoja na msaidizi wake mmoja.

Ukishajua nani kamfungia, uliza amemfungia nini. Wapo makocha wanaozuiwa siku ya mechi tu lakini mazoezi wanaendesha. Wapo wanaozuiwa kila kitu. Jim Boeheim wa Syracuse, ambaye habari yake inafuata, alikatazwa hata kuwasiliana na wachezaji na wasaidizi wake kwa zaidi ya mwezi mmoja. Kamati ya Uteuzi ina sababu ya kuziona adhabu hizo kwa macho tofauti. Kocha aliyefundisha wiki nzima akakosekana kwa saa 2 za mechi hajakosekana sawasawa na yule asiyejua hata timu ilifanya mazoezi gani.

Kompyuta haioni, binadamu anaona

Kamati huingia chumbani na karatasi ya kila timu. Kiungo chake kikubwa tangu mwaka 2018 ni kipimo kiitwacho NET, kilichochukua nafasi ya kile cha zamani, RPI. NET hupanga timu zote kwa kuangalia matokeo, ubora wa wapinzani na ufanisi wa kufunga na kuzuia. Kisha mechi za kila timu hugawanywa katika mafungu 4. Fungu la kwanza, lenye heshima kubwa, ni mechi dhidi ya timu iliyo katika 30 bora ukicheza nyumbani, 50 bora katika uwanja huru, au 75 bora ugenini. Fungu la nne ni la timu dhaifu, na kupoteza humo ni aibu inayokaa kwenye karatasi hadi Machi.

Kompyuta inayopiga hesabu hizo haina sehemu ya kuandika kwamba kocha hakuwepo. Kipigo cha Desemba chini ya kocha msaidizi kina uzito uleule wa kipigo cha Februari chini ya kocha mkuu. Hata kipimo kilichoongezwa kwa mashindano ya 2025, WAB, kinachouliza timu imeshinda mechi ngapi zaidi ya zile ambazo timu ya wastani iliyo ukingoni mwa kuteuliwa ingeshinda kwa ratiba hiyohiyo, nacho hakijui habari za kocha.

Hapo ndipo binadamu anapoingia. Katika mambo ambayo NCAA inawaruhusu wajumbe kuyapima, limo wazi suala la kuwapo au kukosekana kwa wachezaji na makocha. Mchezaji nyota aliyevunjika kidole na kocha aliyefungiwa wanaingia katika mlango huohuo. Lakini hakuna fomula. Kanuni haisemi kwamba kipigo bila kocha kihesabiwe nusu. Kila mjumbe hupima kwa akili yake, kisha hupiga kura ya siri. Kwa hiyo ukimsikia mtangazaji akisema kwamba mechi fulani “haitahesabiwa” kwa sababu kocha alifungiwa, jua amekosea. Itahesabiwa. Kinachoweza kutokea ni mjumbe kuitazama mara ya pili.

Syracuse, msimu wa 2015 hadi 2016

Kisa kinachofundisha kuliko vyote ni hiki. Machi 2015 NCAA iliipiga Syracuse adhabu nzito kwa makosa ya miaka mingi. Ushindi zaidi ya 100 wa misimu ya nyuma ulifutwa, na Boeheim akafungiwa mechi 9. Awali adhabu ilipangwa kuanza na mechi za ligi ya ACC. Boeheim alikata rufaa, na matokeo ya rufaa yakawa kwamba aanze kuitumikia mara moja. Tarehe 5 Desemba 2015, saa chache kabla ya mechi dhidi ya Georgetown, alitoka, na msaidizi wake Mike Hopkins akashika mikoba.

Timu ilikuwa na ushindi 6 na kipigo 1. Katika mechi 9 za Hopkins ilishinda 4 na kupoteza 5. Ilipoteza kwa Georgetown. Ilipoteza kwa St. John's, timu iliyokuwa na msimu mbovu, na kipigo hicho kikawa doa kubwa kuliko yote kwenye karatasi yake. Kisha ikaanza ligi ya ACC kwa kufungwa na Pittsburgh, Miami na Clemson mfululizo. Boeheim aliporudi Januari alikuta kazi ya kupanda mlima, lakini timu ikamaliza ligi ikiwa na ushindi 9 na vipigo 9.

Jumla ya msimu ilikuwa ushindi 19 na vipigo 13. Ukiitazama hivyo, ni timu ya kawaida, ya aina ambayo mara nyingi huachwa nje. Igawanye sasa. Chini ya Boeheim, ushindi 15 na vipigo 8. Bila yeye, 4 kwa 5. Na ushindi mzuri, kama ule wa Novemba dhidi ya Connecticut na Texas A&M, ulipatikana yeye akiwa benchi.

Kamati iliichukua, kwa namba 10. Mwenyekiti wake mwaka huo, Joe Castiglione, alieleza kwamba kukosekana kwa kocha kulikuwa miongoni mwa mambo waliyoyapima. Kelele zilikuwa nyingi, hasa kutoka St. Bonaventure, ambayo hesabu za RPI ziliiweka juu ya Syracuse lakini ikaachwa. Wenye kutetea uamuzi walikuwa na jibu: timu hizo mbili zilikutana Novemba, Boeheim akiwepo, na Syracuse ikashinda.

Kilichofuata kiliwanyamazisha wengi. Syracuse iliichapa Dayton, kisha Middle Tennessee, Gonzaga na Virginia, ikawa timu ya kwanza ya namba 10 kutinga nne bora. Safari ilikomea Houston mbele ya North Carolina.

Lakini msomaji asidanganywe na mwisho mtamu. Syracuse haikuingia kwa sababu kocha alifungiwa. Iliingia kwa sababu ilikuwa na ushindi mkubwa wa kuonyesha kocha akiwepo, na kufungiwa kukaeleza kwa nini karatasi ileile ilikuwa na mashimo. Kama ushindi ule usingekuwepo, hadithi ya kocha ingekuwa kisingizio tu. Na hata ilipoingia, haikupewa upendeleo katika upangaji. Namba 10 maana yake vipigo vya Desemba bado vilikuwa vinalipwa.

Michigan, Februari 2022

Kisa cha pili kinaonyesha upande mwingine wa kalenda. Tarehe 20 Februari 2022, baada ya mechi kwisha na timu zikipeana mikono, kocha Juwan Howard wa Michigan alimpiga kichwani msaidizi wa Wisconsin. Alifungiwa mechi 5, yaani ngwe yote iliyobaki ya ligi, na kutozwa faini ya dola 40,000. Michigan ilikuwa na ushindi 14 na vipigo 11, ikinusa mlango wa uteuzi bila kuwa na uhakika.

Phil Martelli, msaidizi aliyewahi kuwa kocha mkuu kwa miaka mingi katika chuo kingine, aliiongoza timu kushinda 3 na kupoteza 2. Miongoni mwa ushindi huo ni ule wa ugenini dhidi ya Ohio State siku ya mwisho ya ligi. Howard akarudi kwenye mashindano ya konferensi, na timu ikatolewa na Indiana mechi ya kwanza. Wakaingia Jumapili ya Uteuzi na ushindi 17 na vipigo 14, wakapewa namba 11, wakafika 16 bora.

Hapa mafunzo ni mawili. La kwanza, adhabu ya mwisho wa msimu ni ya hatari zaidi kwa timu iliyo ukingoni, kwa sababu hakuna muda wa kufidia baada ya kocha kurudi. Syracuse ilikuwa na miezi 2 ya kusafisha jina. Michigan haikuwa na kitu. La pili, msaidizi mzoefu ni bima. Ushindi ule 3 haukupunguziwa thamani kwa sababu kocha mkuu hakuwepo. Ushindi bila kocha nao huhesabiwa wote.

Wenye nacho hawahitaji utetezi

Timu kubwa mara nyingi hupita katika adhabu kama boti katika maji tulivu. Kansas ilishinda mechi zote 4 ambazo Self alifungiwa, ikiwemo dhidi ya Duke katika uwanja huru, chini ya msaidizi Norm Roberts. Machi ilipofika ilipewa namba 1. Jambo la kusikitisha ni kwamba Self alikosekana tena wakati huo, safari hii kwa matibabu ya moyo. Kamati haikuishusha timu kwa sababu ya ugonjwa wa kocha, lakini uwanja ulikuwa na hukumu yake: Kansas ilitolewa na Arkansas katika raundi ya pili kwa pointi 1.

LSU nayo, Machi 2019, ilimsimamisha kocha wake Will Wade siku moja kabla ya mechi ya mwisho ya ligi. Msaidizi Tony Benford alichukua timu, ikashinda na kutwaa ubingwa wa ligi ya SEC. Kamati iliipa namba 3 ingawa ilijua Wade hatakuwepo mashindanoni. Ikafika 16 bora.

Kocha asipotarajiwa kurudi kabisa, karatasi husomwa kinyume na ile ya Syracuse. Texas ilimsimamisha Chris Beard Desemba 2022 na kumfukuza Januari. Kufikia Machi, mechi nyingi zilikuwa za msaidizi wake, Rodney Terry, na ndiye angekuwa benchi. Hapo zile alizosimamia Terry ndizo zilizoonyesha timu itakayokuja. Texas ilipewa namba 2 na kufika robo fainali.

Adhabu ya kocha na adhabu ya timu

Mkanganyiko mkubwa kwa mashabiki uko hapa. Msimu uleule wa Boeheim, kocha mwingine alifungiwa mechi 9: Larry Brown wa SMU, mjini Dallas. Msaidizi wake, Tim Jankovich, alishinda zote 9. Timu ilifikisha ushindi 18 bila kupoteza hata mechi moja, na ikamaliza na ushindi 25 kwa vipigo 5. Kwa rekodi, iliizidi Syracuse mbali. Lakini Jumapili ya Uteuzi jina la SMU halikutajwa, kwa sababu NCAA ilikuwa imeizuia timu yenyewe kucheza mashindano ya mwisho wa msimu.

Weka visa hivyo viwili kwenye mizani moja. Mechi 9 kwa kila kocha, msimu mmoja. Aliyepoteza 5 kati ya hizo alikwenda nne bora, na aliyeshinda zote alibaki nyumbani. Syracuse ilikuwa imeshatumikia marufuku ya timu mwaka uliotangulia, tena kwa kujiadhibu yenyewe. Timu iliyopigwa marufuku haijadiliwi chumbani hata kidogo, na ushindi wake hauwezi kuifungulia mlango.

Kuna adhabu ya tatu ambayo huchanganywa na hizi: kufutiwa ushindi wa zamani. Louisville ilivuliwa ubingwa wa 2013 mnamo Februari 2018. Hilo hubadilisha vitabu na mabango ukutani. Halipunguzi wala kuongeza nafasi ya timu ya mwaka huu.

Adhabu humfuata kocha

Kuhama chuo si mwisho wa kesi. Wade, baada ya kufukuzwa LSU mwaka 2022, aliajiriwa McNeese, chuo kidogo cha Louisiana. Adhabu ikamfuata: alifungiwa mechi 10 za mwanzo wa msimu wa 2023 hadi 2024, katika chuo ambacho hakikuhusika na kosa. McNeese iko katika konferensi ndogo ya Southland, ambayo kwa kawaida hupata tiketi moja tu, ile ya bingwa. Kwa timu ya aina hiyo, hoja ya kocha kukosekana mwanzoni ina faida ndogo mbele ya Kamati. Dawa yake ni kutwaa ubingwa, na McNeese ilifanya hivyo. Iliingia kwa mara ya kwanza tangu 2002, kwa namba 12.

Maswali ya kujiuliza habari ikitoka

Ukisikia kocha wa timu unayoifuatilia amefungiwa, usikimbilie furaha wala kilio. Pitia maswali haya kwa mpangilio.

1. Aliyefungiwa ni kocha peke yake, au timu pia imezuiwa mashindano? Ikiwa timu imezuiwa, mjadala umekwisha.

2. Adhabu inaanza lini na kuisha lini? Ikiisha Desemba, timu ina muda wa kujieleza kwa vitendo. Ikiisha Machi, haina.

3. Ni mechi zipi zinazoguswa? Mechi 4 dhidi ya timu dhaifu nyumbani ni adhabu ya jina. Mechi 2 ugenini dhidi ya vigogo zinaweza kuuma zaidi.

4. Kocha amezuiwa mechi tu, au mazoezi pia?

5. Nani anashika mikoba, na amewahi kuwa kocha mkuu?

6. Timu iko wapi kwenye mizani? Iliyo juu haihitaji huruma, na iliyo chini haisaidiki. Hoja ya kocha ina nguvu kwa zile chache za ukingoni.

7. Baada ya kocha kurudi, timu imebadilika? Hili ndilo swali zito kuliko yote.

Tuchukue mfano wa kufikirika kulijaribu swali la 7. Timu ina ushindi 21 na vipigo 11. Bila kocha ilipata 3 kwa 5, na akiwepo 18 kwa 6. Ukikuta vile vipigo 5 ni vya ugenini dhidi ya timu za 20 bora, kukosekana kwa kocha hakuelezi mengi, maana hata naye ingeweza kufungwa. Ukikuta ni vya nyumbani dhidi ya timu ambazo baadaye, kocha akiwepo, ilizichapa kwa urahisi, hapo mjumbe ana ushahidi mkononi. Sasa geuza. Bila kocha 7 kwa 1, akiwepo 14 kwa 10. Timu hiyo haina la kumwambia mtu kuhusu kufungiwa kwa kocha, na heri isilitaje.

Kwa kijana anayesajiliwa na mzazi wake

Vijana wa Afrika Mashariki na Kongo wanaendelea kupata nafasi katika vyuo hivyo, na kocha ndiye anayepiga simu, anayesifu, anayeahidi. Kabla ya kusaini, muulizeni yeye na idara ya michezo ya chuo, kwa maandishi, mambo matatu. Je, kuna uchunguzi wa NCAA unaoendelea dhidi ya chuo au dhidi ya kocha, hata kutokana na chuo alichotoka? Je, kuna adhabu ambayo haijatumikiwa? Je, timu imewahi kujizuia au kuzuiwa mashindano ya mwisho wa msimu katika miaka ya karibuni? Maamuzi ya kamati ya makosa ya NCAA hutangazwa hadharani, kwa hiyo jibu la kocha linaweza kulinganishwa na maandishi.

Kufungiwa kwa kocha peke yake si sababu ya kukataa ufadhili wa masomo. Wachezaji wa Syracuse wa 2016 walikaa zaidi ya mwezi bila kumsikia kocha wao, wakafungwa na timu walizopaswa kuzifunga, na Aprili walikuwa Houston. Wa SMU walishinda kila kitu Desemba, na Machi walitazama kwenye televisheni. Tofauti yao ilikuwa mstari mmoja katika uamuzi wa NCAA, na mstari huo ulikuwa umeshaandikwa kabla msimu haujaanza. Mzazi anayetaka kujua mwanawe atacheza Machi aanze kwa kuusoma.